Chembe Zinazonenepa

Kengele yenyewe ilikuwa ndogo, ya kubonyeza kwa kidole, kama zile za mapokezi ya hoteli, na Mwalimu wa Kiingereza aliipenda kuliko alivyowapenda wanafunzi. Katika shule ile, aliyetaka kuingia mkondo wa sayansi alisimama mbele ya jopo la walimu na kueleza jambo moja la sayansi kwa Kiingereza. Akikosea Kiingereza, kengele ililia. Ikilia mara tatu alikaa chini, hata kama neno lilikuwa bado mdomoni. Eti ndiyo kulinda viwango vya shule. Na akikosea sayansi? Hapo hapakuwa na kengele wala filimbi.

Mwalimu wa Fizikia alikuwa ameumeza upuuzi huo kwa miaka, mpaka siku aliposimama pale Kiherehere. Huyu alikuwa binti wa dada yake mkubwa, naye ni mama yake mdogo, kwa hiyo kwake ni kama mwanawe wa kumzaa. Mkuu wa shule alilijua hilo, akasema mwalimu akae tu kwenye jopo, aulize swali akitaka, ila alama asitoe. Mwalimu alikubali. Alijua mtoto ameiva.

Kiherehere ni jina la nyumbani. Alipewa kwa sababu tangu akiwa mdogo hakuacha kuuliza kwa nini mfuniko wa sufuria unacheza maji yakichemka. Kiingereza chake hakukipata darasani. Alikiokota kwenye banda la vipuri la mama yake, pembeni ya maegesho ya malori, kwa madereva wa kutoka kila upande. Mambo ya jana na ya leo yalisemwa kwa namna moja, na maneno yalipangwa kwa jinsi yalivyofika. Lakini kwa Kiingereza hicho watu waliuziana, wakatengenezeana injini, wakagombana na kupatana, na hakuna aliyewahi kuondoka pale na kipuri kisicho chake.

Aliweka mezani glasi mbili, moja ya maji ya moto, nyingine ya maji baridi, akadondoshea kila moja tone la wino. Kwenye glasi ya moto wino ukatawanyika mara moja. Kwenye ile ya baridi ukaning'inia kama uzi, ukishuka polepole.

"Mimi sijakoroga," alisema kwa Kiingereza chake cha malori. "Mnaona? Chembe za maji zenyewe zinakimbia. Kwenye moto zinakimbia sana, zinagongana, zinausukuma wino huku na huku."

Kengele ikalia.

"Kwenye baridi nazo zinakwenda, ila zinajikokota. Hili joto si kitu kimemiminwa ndani..."

Ikalia tena. Mtoto akaharakisha. "Joto ni hizo mbio za chembe. Chembe ni zilezile, ukubwa uleule, mbio tu ndizo..."

Ikalia mara ya tatu.

"Kaa chini," akasema Mwalimu wa Kiingereza, bila hata kuitazama meza.

"Mwalimu, bado kidogo tu nimalize."

"Umeshamaliza."

Akafuata mtoto wa wakili, tai imekaa sawasawa, Kiingereza kinateleza. Alikuja mikono mitupu. Alisema kwamba kitu kikipata joto, kila chembe yake huvimba na kunenepa, na ndiyo sababu chuma cha moto huwa kirefu kuliko cha baridi. Alisema uongo huo kwa sentensi ndefu zilizonyooka, kila neno na mahali pake, na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Kengele haikusema kitu. Alipomaliza, Mwalimu wa Kiingereza akapiga makofi, na jopo zima likamfuata.

Mwalimu wa Fizikia alijikuta amesimama. "Chembe hazinenepi!"

"Kakosea wapi?" aliuliza Mwalimu wa Kiingereza.

"Kwenye fizikia!"

"Mimi nauliza kwenye Kiingereza."

"Kwani tumekuja hapa kusikiliza nini? Aliyesema kweli umemkalisha, aliyesema uongo unampigia makofi! Huoni aibu?"

"Mwalimu," akasema Mkuu kwa upole ule wa mtu anayetaka yaishe, "tusilete mambo ya familia hapa."

Mambo ya familia! Neno hilo lilimchoma kuliko yote. Jopo likaisha, akamfuata Mkuu mpaka ofisini, akamwambia Kiingereza kifundishwe kwenye kipindi cha Kiingereza, kipewe mtihani wake na alama zake, lakini kisiachwe kikae mlangoni pa sayansi kama bawabu. Mkuu alimsikiliza huku akipanga kalamu zake. Mwisho akasema kwamba walioanguka watarudia Ijumaa, na atakayeanguka tena ndiyo basi, sayansi ataisikia kwa jirani. "Ukiendelea kupiga kelele, Mwalimu, utamharibia mtoto."

Jioni alipita kwa dada yake hasira bado haijamtoka. Aliwatukana wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka dada yake akamwambia anywe maji kwanza.  Kiherehere alikuwa kimya kama maji mtungini, yeye ambaye nyumba nzima humwomba anyamaze. Baadaye alisikika bafuni akisema jambo peke yake, analirudia, anaanza upya. Mwalimu akadhani mtoto analia, akamwacha.

Ijumaa ilipofika, Kiherehere aliingia mikono mitupu. Hakuna glasi, hakuna wino. Akasimama wima, akatazama ukuta, akafungua mdomo, na kikatoka Kiingereza cha mtoto wa wakili, neno kwa neno. Kila chembe huvimba. Kila chembe hunenepa. Chuma hurefuka kwa sababu hiyo. Kidole cha Mwalimu wa Kiingereza kilikaa juu ya kengele mwanzo hadi mwisho na hakikupata kazi.

"Hongera sana!" alisema. "Si unaona? Ukitaka unaweza."

"Mwalimu wa Fizikia," akasema Mkuu, "una swali?"

Alikuwa nalo. Moja tu: chembe zinanenepa, au hazinenepi? Mtoto angejibu kweli, na kweli hiyo angeijibu kwa Kiingereza pekee alichokuwa nacho, na kengele ingelia mpaka basi. Alimtazama Kiherehere. Kiherehere akatikisa kichwa kidogo sana, macho yanamsihi.

"Sina," akasema Mwalimu wa Fizikia.

Nje barazani mtoto alimshika mkono. "Mamdogo, usinikasirikie. Mimi najua hazinenepi."

"Najua unajua," alijibu.

Jumatatu mkondo wa sayansi ulianza. Darasa lilijaa, wengi wao wale waliorudia Ijumaa, na somo la kwanza lilikuwa joto. Mwalimu alisimama mbele akiwa ameapa kuanza upya na watoto hawa, pale ambapo hakuna jopo wala Mkuu. Akauliza swali jepesi kuliko yote: kitu kikipata joto, chembe zake zinafanyaje?

Hakuna aliyenyoosha mkono, maana hakuna aliyehitaji. Darasa zima liliitikia kwa pamoja, kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja, kwamba kila chembe huvimba na kunenepa. Aliwaangalia safu kwa safu. Kumbe hawakuwa wanafanya mzaha. Ijumaa wote walikuwa wamekariri maneno ya mtoto wa wakili, wakafaulu kwa jibu hilo, na sasa waliliamini, wakamtazama wakingoja awasifu.

Kwenye dawati la mbele Kiherehere alikuwa ameinamisha kichwa, na midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na ya wenzake.