Mtetemo wa Mkono wa Kulia

Kaka yangu Gwinyai alipopigwa na kiharusi, upande wake wa kulia ulikufa wote na ulimi ukafungwa. Alikuwa mpiga mbira, kile kinanda cha funguo za chuma kinachopigwa kwa vidole. Hakujifunza ukubwani kwa ajili ya watalii, la; mbira ilimlea, na kutoka Seke hadi Mhondoro hapakuwa na mkesha wa mizimu ambao hakuitwa. Ijumaa anaondoka begani na kibuyu chake, kile cha kukuzia sauti ya mbira, Jumatatu anarudi macho mekundu, vidole vimevimba. Mkewe, wifi yangu Shuvai, alikuwa akinitania, "Nyinyi ukoo wa Shumba mliniozesha kibuyu, si mume." Nami humjibu, "Basi baba yako arudishe ng'ombe za hicho kibuyu." Tunacheka mpaka tunashikana mabega.

Baada ya ugonjwa utani huo ulikoma.

Binti yao Ruvarashe, anayetunza wazee ng'ambo huko Leeds, akamtumia baba yake kishikwambi. Kilikuja na msafiri, kimeviringishwa ndani ya sweta. Kilikuwa chembamba ajabu; ukikitazama kwa ubavu unaona ukingo tu, kama kisu. Ndani yake Ruva alikuwa ameweka nyimbo za baba yake, zile zilizorekodiwa zamani kwenye kanda. Alizitafuta kwa jamaa na marafiki, akazisafisha mmoja mmoja kila alipopata mapumziko.

Siku kilipofika nilikuwepo. Shuvai alikishika, Ruva yuko kwenye simu anamwelekeza pa kubonyeza. Wimbo ulipoanza, nusura akiangushe.

"Maiwe! Kinatetemeka! Ruva, kina nini hiki? Kinavuma kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa!"

"Ni spika, mama. Kwa sababu ni chembamba sana, sauti inatikisa mgongo wote. Utazoea."

"Nizoee kuwashwa viganja? Hata babu yako aliyelima kwenye upupu hakuzoea."

Akakitua juu ya kifua cha Gwinyai, kama mtu anayetua mzigo wa mwenziwe. Kaka yangu akafumba macho. Akakibana kwa mkono wake mzima, wa kushoto, na chozi likamtoka likaingia sikioni. Hakukiachia mpaka chaji ilipoisha.

Ikawa hivyo kila siku. Akiamka anakiashiria. Akishiba anakiashiria. Naye Shuvai akazidi kukichukia. Ukikiweka kitandani, ubao wa kitanda unanguruma. Ukikiweka mezani, vijiko vinaitikia. "Wifi," aliniambia, "hata nikiwa jikoni nakisikia kinanisaga meno. Nakipeleka kwa fundi."

Fundi wake alikuwa Tichafa, mwenye kibanda karibu na maduka ya Makoni. Tulikwenda pamoja. Tichafa akakiweka sikioni, akakigonga mgongoni kwa kucha, akakirudisha juu ya kaunta.

"Mama, hakijaharibika. Ndivyo kilivyozaliwa. Walitaka kiwe chembamba, sasa spika hazina pa kupumulia, zinasukuma bati la nyuma. Ukiongeza sauti, wewe unayekishika ndiye unayegeuka ngoma."

"Mimi sikuja hapa kugeuka ngoma. Nitolee huo mtetemo."

"Kuutoa siwezi. Kuufunika naweza."

Akakivisha kava nene la mpira, akatandika sponji ndani yake. Tena akamuuzia spika ndogo ya mviringo, ya kuweka juu ya kabati, inayopokea wimbo bila waya. Tulipofika nyumbani Shuvai akaiwasha, na kweli, mbira ililia safi, kila ufunguo na sauti yake. Majirani waliokuwa wakipita walisimama dirishani. "Baba Ruva, leo umerudi jukwaani!" mmoja akapiga kelele. Shuvai alicheka kama yuko harusini. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu mumewe aanguke.

Gwinyai aliitazama ile spika kabatini. Akakitazama kishikwambi mezani, kimefungwa ndani ya mpira wake. Kisha akageuza uso, akaelekea ukutani.

Tukadhani amechoka. Kesho yake akafanya vilevile. Wimbo ukianza anageuka. Halafu akaanza kukataa chakula. Shuvai anapiga magoti na bakuli, anambembeleza kwa jina la ukoo wetu, "Kula, Shumba. Kula, simba wangu, kidogo tu." Kaka yangu anabana midomo. Muuguzi alipokuja akasema wagonjwa wa namna hii huingiwa na majonzi, tumvumilie. Akamchoma mkono wa kulia kwa pini, kidole baada ya kidole, kama alivyofanya kila alipokuja. Hakuna kitu.

Ruva alilia kwenye simu. "Mama, amechoka na nyimbo zake? Au amenikasirikia kwa kuwa siji?"

"Hajakukasirikia wewe," Shuvai akasema. "Amenichoka mimi."

Asubuhi moja Shuvai aliniomba nikae na Gwinyai wakati yeye anakwenda sokoni kutafuta mboga. Nikamwashia kaka yangu nyimbo, kwa kuwa sikujua jingine la kufanya. Akatoa sauti kooni, sauti ya mtu anayekatazwa, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea mezani. Nikampa kishikwambi. Hakukisikiliza. Alianza kulichuna lile kava kwa kucha, kwa mkono mmoja, anahema, jasho linamtoka, kama anayechuna sungura.

"Unataka kitoke? Ngoja, kaka, utaumia. Ngoja nikusaidie."

Nikalivua. Nikatoa na sponji. Akaielekezea ile spika ya kabatini kidole na kupunga mkono, iondoke. Nikaizima, na wimbo ukahamia kwenye kishikwambi chenyewe, na ule mvumo wake ukarudi. Ndipo akaushika mkono wake mfu kwa mkono mzima, akaunyanyua polepole kama anyanyuaye mtoto aliyelala, akakilaza kishikwambi juu ya kiganja.

Macho yake yakafunguka yakanitazama.

"Unausikia?" nikamuuliza. "Gwinyai, unausikia mkononi?"

Akatikisa kichwa kukubali. Akatikisa tena. Midomo ikatafuta neno, likaja nusu, "U... u..." na mate, na machozi. Nami nikalia palepale, nimeshika kava la mpira mkononi kama mjinga.

Aliyewahi kukaa na wapiga mbira anajua wanavyopigilia vizibo vya soda kwenye ubao wake ili iwe na mkwaruzo. Mbira isiyovuma, kwao, haijapigwa. Mpigaji haisikii kwa masikio tu. Anaisikia kwenye mifupa ya vidole. Ule mtetemo, ambao Ruva alisema utazoeleka na fundi akasema kifaa kilizaliwa nao, ndio kitu pekee kilichofika upande ule wa mwili wake ambao pini haikufika.

Shuvai alirudi na kapu kichwani. Akasimama mlangoni, asiingie.

"Amekula?"

"Bado. Lete."

Alikula ugali wote wa sadza na mboga zote, bila kukiachia kishikwambi. Shuvai alimlisha. Nilipomfuata jikoni alikuwa amenipa mgongo, anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Wifi, umekaa naye asubuhi moja tu, umemwelewa. Mimi namgeuza, namwosha, najua kila kovu alilo nalo. Mimi nilikuwa wapi?"

"Usijilaumu. Kelele ile inaudhi kweli."

"Haikuwa kelele." Akaendelea kusugua. "Tangu niolewe, mbira ilimchukua ikamrudisha ilipotaka. Alipoanguka nililia, uliniona. Lakini ndani kabisa nilisema, sasa yuko nyumbani. Sasa ni wangu. Halafu kinakuja hicho kidude, kinamvumia kifuani, anafumba macho, anaondoka tena. Na mimi nimesimama palepale na bakuli la uji."

Mimi ndiye niliyekuwa nikicheka naye habari za kibuyu. Nikaichukua sufuria mikononi mwake, nikaikausha.

Tangu siku hiyo alasiri zao zikawa nyingine. Shuvai alipanda kitandani akakaa ubavuni mwake, akaweka kiganja chake chini ya kiganja cha mumewe, na kishikwambi juu yao wote wawili. "Kinawasha," alilalamika, na Gwinyai akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Sauti nzito zilipoingia alimbonyeza mkewe kwa mkono wa kushoto: sasa, sikiliza, hapa. Alikuwa anamfundisha. Kuna mara niliwakuta hivyo nikarudi nje bila kubisha hodi.

Mvua zilipoanza, transfoma ya mtaa ikaungua. Umeme ukakatika, si kwa mgao wa kawaida, bali moja kwa moja. Kishikwambi kikazima. Siku ya kwanza Gwinyai alisubiri. Siku iliyofuata mkono wake wa kushoto ulizunguka juu ya blanketi, unatafuta. Shuvai hakuweza kuvumilia. Akakifunga ndani ya kitenge akakipeleka kwa Tichafa, ambaye alikuwa na sola. Kibanda kilijaa simu za watu. Tichafa akamwambia, "Mama, kaa nacho hapahapa. Ukitoka tu, watakichomoa waweke za kwao." Akakaa juu ya kreti ya soda, akingoja.

Mimi nilikuwa na kaka yangu. Nilimpa chai, akanywa. Nikamsimulia jinsi alivyoniangusha kisimani tukiwa wadogo akasingizia mbuzi, naye akanitazama kidogo, kisha akautazama mlango. Alikuwa akiutazama mlango pumzi ilipobadilika. Nilimwita. Nikamwita kwa jina la baba yetu. Nikamtuma jirani akimbie Makoni, lakini kabla hajafika hata njia panda, kazi ilikuwa imekwisha.

Shuvai alikuja anatembea haraka, jirani anamfuata nyuma. Aliwaona wanawake langoni, akaniona mimi nimejifunika kichwa. Hakupiga ukemi.

"Kimejaa," akaniambia, ananinyooshea kitenge. "Kimejaa chaji, wifi."

Kisha akapiga magoti kwenye matope, akapiga makofi taratibu akiwasalimu wale wanawake, kama mtu aliyekuja kwenye msiba wa wengine.

Ruva hakuja. Makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa bado, na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Aliyaona mazishi kwenye simu ya binamu yake, picha inakwama, inaendelea, inakwama.

Siku ya kugawa vitu vya marehemu, mimi dada mtu ndiye niliyegawa. Koti nilimpa mpiga mbira mwenziwe, viatu mpwa wake. Kishikwambi nikamnyooshea Shuvai. Akakirudisha.

"Mpelekee Ruva. Mimi nikikishika nitakuwa nangoja mkono wake juu ya wangu."

Kikaondoka na msafiri. Ruva anasema bado hajathubutu kukiwasha.

Shuvai yuko palepale Seke. Nikipata nafasi huenda, tunakaa mlangoni tunamenya karanga. Zile wikendi zote alizolala peke yake hazitaji tena. Anazitaja zile siku mumewe alipogeukia ukuta.

"Alikuwa ananiambia, wifi," husema. "Alikuwa ananiambia, na mimi nampelekea kijiko."