Kiti cha Misuzu

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, redio ya kiwanda ilipoanza muziki wa mazoezi, wafanyakazi arobaini walisimama safu safu wakanyoosha mikono juu. Misuzu peke yake aliketi, kwenye kiti cha kukunja alichowekewa kando ya mlango.

Chinatsu alikitazama kile kiti huku akiruka, roho ikamuuma.

Wote wawili walikuwa na miaka ishirini na minne. Virusi viliwapata wiki moja, katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Homa iliisha, uchovu ukabaki: moyo kwenda mbio kwa vidato vitatu vya ngazi, kichwa kizito, maneno kupotelea mdomoni. Ila Misuzu aliajiriwa na kiwanda chenyewe, kwa hiyo alipata cheti cha daktari na miezi minne ya kupumzika kwa mshahara. Chinatsu aliletwa na wakala wa ajira, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Alilala siku kumi, kisha akarudi kupanga wali na samaki kwenye vibweta vya chakula cha kuuzwa, sehemu yake na ya Misuzu. Alimwonea mwenzake kijicho, na alichokionea kijicho ni ugonjwa alionao mwenyewe.

Mazoezi yalipokwisha, Misuzu alipita na boksi la keki za maharage akimwinamia kila mtu, kama impasavyo aliyewasumbua wenzake kwa kutokuwapo miezi yote hiyo. Chinatsu alipewa mbili.

"Mwenzangu, najua mzigo wangu uliubeba wewe. Lakini wewe ulipona vizuri, eh? Yaani nakuonea wivu. Mimi hata kuoga napumzika katikati."

Chinatsu naye huoga ameketi sakafuni. Alitaka kumwambia. Lakini Bwana Onodera, msimamizi, alikuwa amesimama hapo hapo akitafuna keki yake, na mikataba ilikuwa inasainiwa Alhamisi.

"Nimepona kabisa," akasema. Angeweza kuishia hapo. Roho ya kwa nini ikamsukuma. "Ni kujikaza tu."

Onodera akacheka. "Umesikia, Misuzu? Umri mmoja, ugonjwa mmoja."

"Bwana Onodera, cheti kinasema..."

"Cheti nimekisoma. Na huyu nimemwona."

Ijumaa Misuzu alisimama kwenye safu. Ilipofika sehemu ya kuruka, midomo yake ilikuwa imepauka. Chinatsu aliruka kando yake, juu zaidi kuliko siku zote, na kwa muda mfupi alisikia raha. Mkataba wake ulikuwa umesainiwa jana yake: miezi mitatu.

Redio ikanyamaza.

"Chinatsu," Onodera akaita, "wewe mwenye nguvu, kirudishe kile kiti stoo."

Stoo ilikuwa juu. Kwenye kidato cha nne alisimama, moyo ukimgonga kifuani. Cha tisa akasimama tena. Akakiegemea kiti kilichokunjwa, akasikiliza kama kuna mtu anayepanda, na hakuthubutu kukikunjua.