Tundu la Saba

Ofisi ya chama cha wakulima ilikuwa na vyumba viwili katika nyumba ya matofali pale Nyamianda, mjini Uvira. Katika kile kikubwa, juu ya kabati la chuma, ilikaa switch: kisanduku cheusi, chepesi, chenye matundu manane na taa nane. Kompyuta nne zilichomekwa humo, pamoja na printa na modemu ya intaneti. Matundu mawili ya mwisho yalikuwa wazi. Félicité Kaneza, katibu wa chama, alijua hivyo kwa sababu ndiye aliyeizima na kuiwasha kila umeme ulipoleta matata.

Jumanne moja alifika kabla ya wengine. Umeme ulikuwa umekatika usiku kucha na sasa umerudi. Alichomoa switch, akangoja kidogo, akaichomeka tena. Kompyuta zote zilikuwa zimezimwa, kwa hiyo zikawaka taa mbili tu, ya modemu na ya printa. Kisha ikawaka ya tatu, kwenye tundu la saba, ikaanza kupepesa harakaharaka.

Alivuta kabati. Nyuma yake waya mpya wa kijivu ulishuka hadi sakafuni, ukaingia kwenye shimo lililotobolewa ukutani. Unga mwekundu wa tofali ulikuwa bado chini, haujafagiliwa. Upande wa pili wa ukuta ule kilikuwa chumba cha jirani yao Clovis, mtu mpole aliyekipanga mwezi uliopita, akisema anauza mbegu za mboga. Félicité hakuwahi kumwona mteja wake hata mmoja.

Hakuugusa waya. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kumwita Bienvenu, fundi wa kompyuta mwenye kibanda nyumba mbili mbele.

Bienvenu alichuchumaa, akatazama shimo, akatazama taa.

"Muntu anaingia kwetu?" Félicité alinong'ona.

"Ameshaingia, mama. Hii switch haina akili. Haiulizi muntu jina, haiandiki nani alipita. Ukichomeka waya, uko mu nyumba." Alijipangusa mikono. "Mambo ya chama iko mu machine gani?"

"Ya Papa Thaddée. Wote tunafungulia humo."

"Na mot de passe, neno la siri?"

"Haiko. Alisema inamuchelewesha."

Bienvenu aliiwasha kompyuta ya Thaddée, mratibu wa chama, akatafuta mahali Félicité hakuwahi kupaona, orodha ndogo ya nani amefungua nini. Ilikuwa tupu. Wakangoja. Upande wa pili wa ukuta kiti kiliburutwa. Mstari mmoja ukatokea kwenye orodha, kisha wa pili, na katika ule wa pili Félicité akasoma jina la faili aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe: Nyakabere, Ndayiragije, ushuhuda.

"Anasoma," Bienvenu alisema. "Sasa hivi."

Kule Nyakabere, katika tambarare ya Ruzizi, tajiri mmoja alikuwa amewanyang'anya watu mashamba yao ya mpunga, na waliothubutu kulalamika walipigwa. Watatu tu ndio waliokubali kusema mbele ya hakimu, na kesi ilikuwa wiki ijayo. Félicité alikaa nao mmoja mmoja, mlango umefungwa, akaandika kila kitu: majina ya watoto, nyumba iko wapi, njia gani wanapita kwenda shambani. Aliwaahidi kwamba hakuna atakayesoma ila mwanasheria.

Hapo Thaddée akaingia, kofia mkononi, akawaona wote wawili wameinamia kompyuta yake.

"Kuko nini?"

Félicité alimwonyesha waya kwa kidole. Thaddée akacheka kidogo, kwa sauti yake nene ya kila siku.

"Aa, ile? Minye njo nilimuruhusu. Ni jirani, aliomba kutumia printa mara moja moja. Juzi alituletea mafuta ya jenereta, weye ulikuwa umeenda Songo."

"Sema polepole, papa," Félicité alisema. "Soma hapa."

Alisoma. Kicheko kilibaki usoni kwa muda, kama kimesahauliwa, halafu kikaondoka. Aliketi juu ya boksi la karatasi.

Bienvenu alinyoosha mkono kuung'oa waya, Félicité akamshika. "Ukiutosha, ukiung'oa hivi, atajua tumejua."

"Na tukiacha, anasoma ya shahidi wa tatu!"

Félicité alitoka hadi kwenye mita ya umeme ukumbini, akashusha kitufe kikuu cha nyumba nzima. Feni ikasimama. Taa zote za switch zikafa. Umeme kukatika Uvira si habari. Alitumaini itakuwa hivyo na kwa Clovis.

Haikupita dakika, mlango ukagongwa. Clovis alisimama kizingitini, shati lake safi, kompyuta imefungwa chini ya kwapa.

"Mama Félicité, habari ya asubuhi. Umeme umeenda?"

"Umeenda, ndugu yangu."

"Kwa majirani iko. Nasikia mashine ya kusaga." Kweli, ng'ambo ya barabara mashine ya unga ilikuwa ikinguruma. "Pengine ni disjoncteur yenu imeshuka."

"Pengine."

Macho yake yalipita juu ya bega la Félicité, yakatulia ndani ya chumba. "Mumehamisha kabati," alisema. Hakuuliza. Akamtazama Thaddée, akampa salamu kwa kichwa, akaondoka taratibu. Baadaye kidogo walisikia pikipiki ikiwaka.

Walipiga simu. Shahidi wa kwanza alipokea, na wa tatu pia; waliambiwa waondoke nyumbani mara moja. Simu ya Ndayiragije, shahidi wa pili, ilikuwa imezimwa.

"Minye naenda," Thaddée alisema. Alivaa kofia yake.

"Tunaenda wote. Mke wake ananijua minye."

Walichukua pikipiki mbili. Njia nzima kwenda kaskazini Félicité aligeuka kila aliposikia injini nyuma yao. Kwenye kizuizi kimoja askari aliwachelewesha, akiuliza wanatoka wapi, wanaenda kwa nani, na Félicité akajikuta anaogopa hata kulitaja jina la kijiji.

Ninahazwe, mke wa Ndayiragije, alikuwa anaanua mihogo iliyokauka. Alipowaona alisimama bila kusalimu.

"Jana walikuja bantu wawili," alisema. "Walisema wanatafuta ng'ombe aliyepotea. Halafu mmoja akaniuliza kama watoto bado wanalala mu jikoni, kwa sababu ya paa kuvuja." Alimkazia macho Félicité. "Ile maneno niliambia weye peke yako."

Jana: kumbe asubuhi ile Clovis hakuwa anasoma kwa mara ya kwanza. Thaddée ndiye aliyesema: "Ni kosa langu, mama. Yeye hana kosa. Niliwafungulia mlango." Akavua kofia, akapiga magoti hapo kwenye vumbi, mtu wa miaka sitini.

"Simama," Ninahazwe alimwambia. "Watoto wanaona."

Ndayiragije alipatikana katika kipande cha shamba alichobaki nacho, maji hadi kwenye vifundo vya miguu. Alikataa kuondoka. Mpunga umeiva, alisema, na akiuacha yule tajiri ataukata kabla jua halijazama. Ninahazwe hakubishana naye. Alimwita mtoto mkubwa, akamwambia, "Mwambie baba wanavyojua mahali mnalala." Mtoto akasema. Ndayiragije akakung'uta mundu, akatoka majini.

Familia ilikwenda kwa masista, mbali na tambarare. Siku ya tatu jirani wa kijijini aliwaarifu kwamba mlango wa nyumba yao umevunjwa mchana kweupe, jikoni kumepekuliwa, na hakuna kilichoibwa. Chumba cha Clovis kilikutwa kitupu; jina alilompa mwenye nyumba halikuwa lake. Shahidi wa kwanza aliondoa ushuhuda wake. Ndayiragije alisimama mbele ya hakimu, akasema yote, na kesi ikaahirishwa.

Thaddée aliacha kazi bila kuambiwa. Félicité alibaki, akaandika kwa kalamu, daftari likilala kwake.

Mwezi uliofuata aliwatembelea kwa masista. Ninahazwe alimkaribisha uji, wakakaa. Kisha akauliza, bila hasira:

"Majina yetu, umeyatosha mu machine?"

"Nimeyatosha yote, mama. Nimeyafuta."

"Na mu machine ya ule muntu?"

Félicité aliinamia kikombe chake. Nje gari lilipunguza mwendo mbele ya lango, na wote wawili wakasikiliza hadi lilipopita.