Mlima Uliopanda Meli

Nahodha alilishika kopo kwa mikono miwili, akaligonga kwenye chuma cha sitaha, akaligonga tena na tena, kisha sote watatu tukainama kuchungulia ndani. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga nililoliomba kwa mpishi wa meli. Nusu yake nilikuwa nimeijaza udongo mwekundu uliotoka kwenye tumbo la meli ile ile tuliyosimama juu yake. Ulipoingia koponi ulikuwa mgumu, wa kumeguka. Ungeushika usingekuachia hata tone kiganjani. Sasa uso wake ulikuwa unang'aa.

"Gonga tena," nikasema.

Akagonga. Udongo ukalegea, ukajitandaza wenyewe, maji yakaupanda taratibu kama jasho linavyopanda kwenye paji la uso. Nahodha akaliinamisha kopo upande mmoja na udongo wote ukamiminikia huko. Hakuna aliyeongeza maji. Tulikuwa tumegonga tu.

"Jamani," akasema mtu wa tatu, aliyekuwa meneja wa upakiaji. Gatini tulimwita Haraka, kwa kuwa ni mara chache aliposema jambo bila neno hilo kuwamo. Watu walishachoka kumtania kwa methali, wakabaki na jina.

Meli ilikuwa iondoke kesho yake. Mdogo wangu alikuwa miongoni mwa mabaharia wake, na alikuwa amesimama nyuma yetu na ndoo ya udongo mkononi.

Mlima wetu haukuwa na sifa yoyote mpaka walipokuja wapimaji. Kabla ya hapo ulikuwa kitu kilichotuchelewesha jua asubuhi, basi. Mimi na mdogo wangu tulilelewa na mama mdogo, katika nyumba iliyoupa mlima mgongo, na tulipoanza kusikia kwamba chini ya ule wekundu kuna nikeli, mama mdogo aliuliza swali moja tu: inaliwa? Alipoambiwa hailiwi, akarudi kwenye cherehani yake.

Malori yakaanza. Yalipanda matupu, yakashuka yamejaa, na kila mwaka mlima ulipungua kidogo, kama mkate unaokatwa na mtu mwenye adabu. Watu wazima walizungumzia ajira na vumbi. Mdogo wangu alizungumzia jambo jingine.

"Dada, kwani huko wanakoupeleka wanaufanyia nini?"

Nadhani nilisomea kemia ili nimjibu. Nilipoajiriwa kwenye maabara ya gati, chumba kimoja chenye mizani, jiko la kukaushia sampuli na dirisha linalotazama meli, jambo la kwanza nililolifanya ni kubandika ramani ya dunia ukutani. Siku aliyokuja kunitembelea nikamwonyesha. Meli nyingi zilikwenda China, nyingine Japani na Korea. Huko udongo unaingia kwenye matanuri, unayeyushwa, inatoka nikeli, na nikeli inachanganywa na chuma ili kisishike kutu. Kinachobaki safi zaidi kinauzwa mbele tena, kwa watu wa betri na watu wa injini za ndege.

"Kwenye lori moja inatoka kiasi gani?"

"Lori dogo? Ungeiweka kwenye ndoo moja. Lakini ndoo hiyo wanaume wawili wangehangaika kuinyanyua."

Akacheka, kisha akaisogelea ramani. "Kwa hiyo anayenunua udongo wetu ndiye anayetuuzia sinki lisiloshika kutu."

"Na kijiko."

"Na lori lote lililobaki linakwenda wapi?"

Sikujua. Nikasema labda wanafukia mashimo.

"Labda," akasema, kwa sauti ya mtu anayerudisha bidhaa dukani. "Sasa nitakuulizaje wewe, ambaye nawe hujafika?"

Ndivyo alivyokwenda kusomea ubaharia. Hakuwa mtu wa kupenda bahari. Hata kwenye mashua ya kuvukia alikaa katikati akishika ubao. Alitaka kufuata mlima. Mama mdogo alipoelezwa hakuamini masikio yake.

"Wenzake hufuata mali, au hufuata mchumba," akaniambia. "Huyu anafuata udongo. Na wewe ndiye uliyemwonyesha ramani."

Akapata nafasi yake ya kwanza mwaka ambao mvua zilitangulia. Rundo la udongo lilikuwa limelala wazi karibu na gati, kubwa kuliko shule, na sampuli zake nilikuwa nimezipima mwenyewe kukiwa bado na jua. Zilikuwa na unyevu unaokubalika. Cheti kikatoka. Halafu mvua ikanyesha juu ya rundo, na cheti, kama ujuavyo vyeti, hakikulowa.

Upakiaji uliendelea kati ya mvua na mvua. Jua likitokeza kidogo, uso wa rundo ulikauka haraka ukawa na ganda la kuridhisha macho. Mimi nilikuwa na sampuli za rundo jingine mezani. Mchana ule nilikwenda melini kwa jambo la nyumbani tu: kumpelekea mdogo wangu sweta ambalo mama mdogo alimaliza kulifuma, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba huko wanakopeleka udongo kuna baridi.

Kifuniko cha tumbo la meli kilikuwa wazi. Kreni ilikuwa inashusha mzigo, na mimi, kwa udadisi tu, nikaegemea ukingo kutazama. Udongo mkavu ukidondoka hutimua vumbi. Huu ulidondoka na kurukia ukuta wa chuma, ukabaki umenata pale, ukichuruzika, kama uji uliomponyoka mpishi. Kwenye pembe ya mbali kulikuwa na kidimbwi, na kilikuwa kikitetemeka kwa mtetemo wa mashine.

Nikasahau sweta.

"Shuka uniletee udongo kidogo," nikamwambia mdogo wangu. "Usichukue wa juu. Chimba."

"Dada, niko kazini."

"Nami niko kazini."

Alishuka kwa kunung'unika. Alipopanda na ndoo nilikuwa nimeshapata kopo, na sauti ya kugonga kwangu ndiyo iliyomtoa nahodha kwenye chumba chake. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni.

"Binti, kopo la jikoni kwangu limekukosea nini?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimesoma chuoni kwamba kuna udongo unaobeba maji ndani yake kwa siri, chembe kwa chembe, na ukitikiswa kwa muda mrefu chembe hujipanga upya na maji hukosa pa kukaa. Baharini hakuna kisichotikiswa. Mzigo unageuka kuwa kimiminika ndani ya tumbo la meli. Meli ikilalia kushoto unakwenda kushoto, na inapotaka kuinuka, mzigo unakataa.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akavaa miwani. "Nimeyasoma hayo," akasema. "Nimewahi hata kuyafanyia mtihani. Sijawahi kuyaona." Akanyoosha mikono kama mtu anayepewa mtoto. "Nipe nami nigonge."

Na Haraka alipofika, akipiga kelele kuhusu kreni iliyosimama, nahodha aliendelea kugonga. Alimkaribisha tu achungulie.

Kwa hiyo turudi pale sitahani, watu watatu na kopo. Haraka alilichukua akaligonga mwenyewe kwa udongo mpya kutoka kwenye ndoo. Aligonga kwa nguvu kuliko sisi, kama anayetaka kulikomoa. Ukageuka uji. Akalitazama kwa namna ambayo sikuitarajia kwake: macho yalimtoka, midomo ikafunguka, na kwa dakika hiyo hakuwa meneja wa kitu chochote.

"Lakini ulikuwa mkavu," akasema. "Nimeukanyaga mwenyewe."

"Ulikuwa unaonekana mkavu," nikasema.

Akajifuta mikono kwenye suruali, na umeneja ukamrudia. "Sawa. Hiyo ni pembe moja. Dada mkemia, wewe mwenyewe ulisema unafaa."

"Nilisema sampuli zilizoletwa zinafaa. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua."

"Haraka basi, pima tena, lakini meli iende. Mnajua tanuri la huko likoje? Halizimwi. Likikosa udongo, watu wa huko wananipigia mimi simu, hawawapigii nyinyi. Na watu wa hapa gatini wanalipwa kwa meli inayoondoka, hawalipwi kwa meli inayokaa." Hakuwa anadanganya. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebanwa mlangoni.

Nahodha alivua miwani ikaning'inia kifuani.

"Ndugu yangu, wewe kazi yako ni kupakia," akasema bila ukali. "Mimi kazi yangu ni kwenda nayo. Siendi."

Kreni haikufanya kazi tena mchana ule.

Nilidhani mtu wa kwanza kunishukuru atakuwa mdogo wangu. Alinisindikiza hadi kwenye ngazi ya meli, akanirudishia sweta nililokuwa nimeliacha ukingoni.

"Ungeniambia tu kwamba hutaki niondoke."

"Nini?"

"Wewe na mama mdogo. Yeye analia, wewe unagonga kopo. Nimesubiri miaka mingapi kuuona huo mlima ulikokwenda? Na siku ya kwenda, dada yangu mwenyewe anaomba kopo jikoni."

Nikamwambia aende akatazame kidimbwi. Akasema amekwisha kukiona. Maji ya mvua, akasema, hayajawahi kumuua mtu. Nilishuka ngazi na sweta chini ya kwapa. Wapakiaji waliokuwa wamekaa gatini bila kazi walinipisha njia kwa heshima iliyozidi kiasi. "Bi Kopo anapita," akasema mmoja wao. Jina likanasa siku hiyo hiyo. Mama mdogo alipolisikia sokoni alirudi akitikisa kichwa: "Wanawake wenzako huitwa kwa majina ya watoto wao, mwanangu. Wewe umeitwa kwa kopo."

Kupima upya kulifuata, kwa sampuli za kila pembe na kila kina, mbele ya nahodha na Haraka. Majibu yalikuwa mabaya kuliko nilivyohofia. Ikaamuliwa mzigo utolewe, utandazwe, ungoje jua.

Udongo ulitoka kwa shida kuliko ulivyoingia. Kreni ilipofika katikati ya tumbo, walishusha katapila dogo ndani ili lisukume udongo wa pembeni. Mdogo wangu alikuwa mmoja wa waliokuwa chini wakilielekeza. Habari hii niliipata kwake baadaye, kwa vipande vipande. Katapila lilikwenda vizuri, likarudi vizuri, na mngurumo wake ndio uliokuwa ukiligonga kopo kubwa kuliko yote. Ardhi waliyosimama juu yake, ngumu, iliyobeba chuma chote kile, ikaanza kucheza kama godoro. Halafu katapila likazama ubavu mmoja, bila kishindo, kama ng'ombe anayelala. Dereva aliruka. Mdogo wangu alimshika ukosi wakavutana hadi kwenye ngazi, udongo ukiwa umewafika kifuani. Hakuna aliyeumia.

Alikuja nyumbani jioni akiwa mwekundu mwili mzima, macho tu ndiyo meupe. Mama mdogo alitaka kupiga ukunga, nikamshika mkono. Alikaa kwenye kiti cha nje, maana ndani asingeruhusiwa, akanywa maji vikombe viwili.

"Dada."

"Naam."

"Ule wa koponi na ule wa chini ni ule ule?"

"Ni ule ule."

Akafikiri. Nilimjua, hakuwa anatafuta namna ya kuomba radhi. Alikuwa anashangaa, na mshangao wake ulikuwa mkubwa kuliko hasira yake. "Yaani miguu ilikuwa inasema huku ni nchi kavu," akasema. "Mpaka dakika ile ile, miguu ilikuwa inasema hivyo." Kisha akaliulizia sweta.

Waliondoka kiangazi kilipotulia. Haraka alikuwa amenunua maturubai ya kufunika rundo lote, na siku ya upakiaji alizunguka na kopo lake mwenyewe, jipya, akigonga kila penye nafasi, akimwonyesha yeyote aliyepita, hata dereva wa lori la maji. Mama mdogo aliliona lile tumbo la meli likifungwa akasema, haya, nendeni na udongo wenu. Hakulia mpaka tulipofika nyumbani.

Simu ilikuja wakati nimeshaanza kuamka asubuhi nikitega sikio. Alikuwa amefika. Kulikuwa na baridi kweli. Udongo wetu ulipakuliwa salama, mgumu kama ulivyoondoka, na ukapelekwa kwa mkanda mrefu hadi kwenye uwanja mkubwa ambao haukuwa na mwisho.

"Kuna marundo mengine, dada. Mengi. Mekundu, ya kahawia, mengine yana ukijani kidogo. Kila moja limetoka nchi yake. Yamepangwa kama watu wanaosubiri daktari."

"Na tanuri? Uliliona?"

"Niliona moshi wake. Hawaturuhusu kuvuka geti." Sauti yake haikuwa na huzuni sana. "Lakini alikuja mwanamke melini, wa maabara yao. Alichukua udongo, akaupaka kwenye vidole, akaunusa. Afisa wetu mmoja akawa anatutafsiria. Nikamwambia dada yangu ndiye aliyeupima kule. Basi akaacha kazi yake, akaanza kuniuliza."

"Kuuliza nini?"

"Kwamba miaka yote anapima udongo wa kwetu na hajawahi kumwona mtu wa kwetu. Akataka kujua huo mlima, kabla haujachimbwa, juu yake kulikuwa na nini."

Nilikaa kitandani. Nilijaribu kukumbuka mwenyewe. Tulipanda kule mara kadhaa tukiwa wadogo. Kulikuwa na nyasi, vichaka ambavyo sikujua majina yake, na mawe ya kukalia. Sasa pale juu palikuwa chini.

"Ukamwambia nini?"

Kwenye simu nilisikia watu wakipita nyuma yake, lugha nisiyoijua, kicheko.

"Nimemwambia kulikuwa na upepo," akasema. "Upepo mzuri. Akaandika."