Mikono Iliyokataa Kushuka

Jumanne, saa ya chakula, Kohinur alipanda juu ya ndoo iliyofudikizwa katika kiwanda cha mashati, Gazipur, akawauliza washonaji wenzake nani anataka chama cha wafanyakazi. Yalikuwa mazoezi tu. Zamani watu waliweka sahihi kwa siri, majumbani. Sheria mpya iliwataka wanyanyue mikono kiwandani, mbele ya mwajiri, afisa wa kazi akihesabu. Redio ilisema sheria imelegezwa kwa faida yao, maana sasa alitosha mmoja kati ya kila watano. Kohinur hakujali redio. Alitaka mlango wa ngazi ya nyuma ufunguliwe, ambao ulitiwa kufuli kutwa ili mashati yasiibwe. Majira ya baridi yaliyopita pasi iliunguza rundo la vitambaa, wakawa wanapumulia dirishani kwa zamu, na hasira ya siku ile ilikuwa bado haijampoa.

Wengi walinyanyua. Mazoezi yalipokwisha, mikono ikakataa kushuka.

Waliivuta, wakaipaka mafuta ya haradali, wakaibembeleza. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka chama hawakumwachia neno. Kengele ilipolia walirudi kwenye mashine, wakashona kwa mkono wa kushoto. Meneja, Bwana Tofazzal, alipita akatazama, akauliza kama mashati ya kola nyeupe yatakuwa tayari Alhamisi. Kufika alasiri alikwisha kuona faida: viango vya nguo vilikuwa haba, basi akaagiza mashati yaliyokamilika yatundikwe kwenye ile mikono. Kazi ilienda vizuri kuliko kawaida.

Taabu ilikuwa chakula. Mikono iliyogoma ilikuwa ya kulia, na hakuna aliyekuwa tayari kula wali kwa kushoto, hata dunia ipinduke. Ikabidi wale ambao hawakunyanyua, kwa woga au kwa akili, wawalishe walionyanyua. Kohinur aliangukia kwa Momena, jirani yake wa mashine, mjane mwenye binti wa kuozesha, ambaye tangu mwanzo alisema chama ni cha watu wasiolipa kodi ya nyumba.

"Panua mdomo, kiongozi," Momena alimwambia, akiviringa tonge la wali na bilinganya.

"Dada, pilipili imezidi."

"Chama chako kikija kitakupikia. Meza."

Alimlisha Jumanne, akamlisha Jumatano, akimpangusa midomo kwa ncha ya mtandio wake. Walizungumza kuliko walivyowahi kuzungumza miaka yote ya kukaa bega kwa bega. Momena alisema, bila kuulizwa, kwamba bado anausikia ule moshi kwenye nywele zake.

Alhamisi, watu wakiwa wamekaa kula, afisa wa kazi alifika, mtu mpole mwenye mwavuli. Alikunywa chai ya meneja, akasimama mbele.

"Wanaotaka chama, nyanyueni mikono."

Akangoja. Hakuna kilichosogea.

"Basi hakuna," akasema.

Kohinur akamwonyesha kwamba mikono iko juu tangu juzi. Afisa aliikagua, akafunua shati moja kuona kilicho chini yake, akaeleza kwa upole kwamba sheria inataka mkono unyanyuliwe yeye akishauliza. Hii ameikuta juu, na hawezi kujua ilifuata nini huko. Wakipenda, waishushe kwanza. Walijaribu, wakashindwa. Meneja alisema inasikitisha sana, akaagiza chai nyingine.

Hapo Momena, aliyekuwa ameshika tonge, akanyanyua mkono. Mchuzi wa dengu ukamchirizika mpaka kwenye kiwiko.

"Mimi hapa," alisema. "Ufungueni ule mlango."

Afisa alimshukuru, akaandika mmoja. Akafafanua kwamba mmoja hatoshi, akachukua mwavuli wake na kushuka kwa ngazi ya mbele, akisindikizwa na meneja.

Mkono wa Momena haukushuka. Kohinur alikuwa hajashiba. Momena alilitazama tonge lililobaki huko juu, kisha akatia mkono wa kushoto sahanini, mbele ya watu wote, akaviringa jingine.

"Usiniangalie hivyo," alisema. "Panua mdomo."

Kohinur akautazama mkono ule wa kushoto, akatazama mlango wa nyuma na kufuli lake, akapanua mdomo.