Herufi O na Sifuri

Haya kanisimulia mjukuu wangu, karani wa zahanati, jana mchana alipotoka kazini. Dawa ya kikohozi ya watoto ilikutwa mbovu, na ilibidi wazazi waliopewa wajulikane kabla watoto hawajainywa. Akaiamuru kompyuta: katika orodha ya mamia ya wagonjwa, kila mstari wenye namba ya dawa hiyo uwe mwekundu. Haukugeuka hata mmoja.

“Kumbe, bibi, muuguzi kaandika herufi O badala ya sifuri!”

“Si zote duara?”

“Kwako wewe! Kompyuta haijui kusamehe.”

Aliporekebisha, mistari ikaiva ghafla kama pilipili, na mmoja una jina la kitukuu changu. Akapiga simu nyumbani kwao, chupa ilikuwa haijafunguliwa. Nilishika mdomo: katika mamia yale, mtoto wetu kaonekana kufumba na kufumbua! Nilipogeuka kumuuliza zaidi, mjukuu wangu alishalala kochini.