Kamba ya Fundi Bomba

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema asije mwingine akalisema kwa ustadi zaidi. Kila aliyekuwa ukumbini Jumamosi ile ana simulizi yake, na nimezisikiliza zote nikitafuta walau moja itakayonipa mwenzangu wa kugawana naye ujinga. Haipo.

Kazi yangu ni kuongoza filamu. Nilianza kwa kumbebea nyaya mpiga video wa harusi, nikapanda nikawa mpiga video mwenyewe, nikaangukia kwenye matangazo ya sabuni, na mwaka wa kumi na moja nikatoa filamu yangu ya kwanza, ya machozi mwanzo mwisho. Ilitazamwa na watu kumi na wanne. Wawili kati yao walikuwa wamekosea mlango. Ya pili ikaenda vivyo hivyo, na safari hiyo nikapata wa kulaumu: filamu za mashujaa kutoka nje, zile za watu wazima wanaoruka juu ya magorofa wamevaa nguo za kubana. Kila nilipoalikwa redioni nilizisema. Nikasema watazamaji wetu wamedekezwa, wanapenda kelele, hawataki kufikiri.

Mke wangu alinisikiliza miaka yote hiyo huku akikunja nguo, mpaka siku moja akaniuliza, "Wewe umewahi kukaa na watu ukazitazama?"

Sikuwa nimewahi. Nikaenda, nimenuna, nikakaa siti ya nyuma. Mbele yangu bibi mmoja aliyekuja na wajukuu alikuwa anamwonya stelingi, shujaa wa filamu, kwa sauti: "Nyuma yako, baba. Geuka." Na stelingi akageuka. Bibi akashusha pumzi, akarudi kwenye njugu zake. Nikafikiria filamu zangu zote mbili. Hakuna mtu aliyewahi kumwonya yeyote ndani yake.

Basi nikatengeneza ya kwangu. Stelingi ni mwanamke fundi bomba ambaye bomba kuu la mtaa likipasuka, anapaa. Hana koti la kupepea. Ana ovaroli, buti za mpira na spana. Aliyeigiza ni mke wangu, kwa kuwa ndiye pekee aliyekubali kuning'inizwa hadi gorofa ya nne, na waliomvuta ni kaka zake wanne, mashemeji zangu, maseremala wote, watu ambao ukisalimiana nao kwa mkono unajuta. Kamba ilitoka kiunoni kwa dada yao, ikapita kwenye kapi juu ya paa, ikashuka mikononi mwao. Kisha mhariri wangu, binti mtulivu tunayemwita Kifutio, akakaa mbele ya kompyuta akiifuta kamba na wavutaji wake, picha moja baada ya nyingine. Alifuta miezi mitano. Macho yakawa mekundu, akabadilisha miwani mara mbili.

Kilichobaki ni ukumbi. Ukumbi wa sinema uliosalia kwetu ni mmoja, na mwenyewe ni mama tunayemwita Mama Ukumbi, mtu wa maneno machache na funguo nyingi.

"Nakupa Jumamosi moja, saa tisa alasiri," aliniambia. "Watu wakikaa mpaka mwisho na wakataka kurudi, nakupa mwezi mzima. Wakitoka, Jumatatu narudisha wale wa nje, na simu yako sipokei tena."

Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Nilijua kabisa kwamba hii ikianguka narudi kupiga video za keki.

Kifutio aliniletea flashi mbili. Moja ilikuwa na plasta nyekundu, hiyo ni ya kazi, yenye kila kitu ndani, tuliyomwandalia fundi wa sauti. Nyingine ilikuwa na plasta nyeupe, ndiyo safi, kamba zimefutwa na sauti imesafishwa. "Nyeupe, bosi," alisema, akarudia, "nyeupe." Nikamwambia aende akalale. Asubuhi nikaziangalia nikaona aibu. Filamu ya miaka yote hii nimkabidhi mtu imefungwa plasta kama kidonda? Nikabandua plasta zote mbili, nikazifuta flashi kwa kitambaa zikang'aa, zikafanana kama pacha, nikazitia mfukoni.

Kwenye chumba cha projekta nilimkuta Mzee Balbu, ambaye amewasha mashine pale tangu mimi sijaota ndevu.

"Mwongozaji," alisema, "hapa filamu hujaribiwa kwanza, ukumbi ukiwa mtupu. Dakika ishirini tu."

"Mzee wangu, hii nimeizaa mwenyewe."

"Na mtoto ukimzaa humwangalii uso?"

Nikacheka kama bosi anavyocheka, nikampa flashi moja, nikashuka kwenda kupokea wageni.

Ukumbi ulijaa. Siti ya mbele kabisa alikaa mchambuzi, yule mwenye kipindi cha filamu redioni, anayeweza kukutajia kila shujaa wa nje alizaliwa sayari gani na alibadilisha mkanda mara ngapi. Mstari wa nyuma walikaa mashemeji wanne wamevaa suti, wamebanana kama viti vya kukodi. Mimi nilikaa katikati ya mke wangu na mama mkwe.

Dakika kumi na mbili za kwanza zilikwenda vizuri, maana hakuna kuruka. Kisha bomba likapasuka, mke wangu akakimbia, akanyoosha mikono, akapaa.

Akapaa na kamba nene kama kidole gumba. Chini yake, wazi kuliko picha ya paspoti, wakaonekana mashemeji wanne wamevaa singlendi, matako nyuma, wanavuta. Juu ya yote ikasikika sauti yangu mwenyewe: "Polepole jamani, huyo ni mke wa mtu."

Kicheko kilichofuata sikuwahi kukisikia katika maisha yangu ya kazi. Nikaingiza mkono mfukoni, nikaigusa ile flashi nyingine, ile safi. Nikainuka niende kwa Mzee Balbu. Mama mkwe akanishika shati.

"Kaa."

"Mama, hii siyo yenyewe. Nimekosea."

"Nimewaona wanangu. Kaa."

Nikakaa. Pembeni watu wawili wakasimama, nikasema basi, wameanza kutoka. Wakashuka ngazi, wakaenda kukaa siti za mbele waone vizuri. Mke wangu hakunitazama. Aliniwekea mkono gotini, akaubana kama anafunga koki.

Wakacheka mruko wa pili, wakacheka wa tatu. Shemeji mkubwa alipokatisha kuvuta ili apige chafya, mwanamke mmoja akasema, "Afya," na shemeji mwenyewe akaitikia kutoka mstari wa nyuma, "Asante." Nilianza kuona kwamba kicheko hiki hakinichomi kama nilivyotarajia.

Ikafika sehemu ya gorofa ya nne. Katika filamu iliyosafishwa, stelingi anapaa kufunga valvu ya tangi, anayumba kidogo hewani, anaendelea. Kuyumba kule hakukuwa kwenye hadithi. Siku ya kupiga picha, shemeji wa pili aliteleza kwenye maji, akaenda chini, kamba ikakimbia, na mke wangu akashuka gorofa nzima kabla watatu waliobaki hawajaikamata. Kamera haikuzimwa. Sasa yote yalikuwa pale, makubwa kama ukuta.

Kicheko kikakatika. Mke wangu kwenye skrini alikuwa ananing'inia, buti moja imetoka. Shemeji mdogo alijizungushia kamba kiunoni, akaketi chini kwenye matope ili uzito wake uwe nanga. Mkubwa alikuwa anasema jina la dada yake, taratibu, tena na tena.

"Shika," mtu akasema gizani.

"Usiachie," akasema mwingine.

Kisha sauti nzito, sijui ya nani: "Vuta." Wakaidaka. Vuta. Vuta. Watu mia tatu, miguu inapiga sakafu kwa pamoja. Niliona mikono imenyooshwa mbele ikirudi vifuani, safu baada ya safu, wanavuta hewa. Kwenye skrini shemeji wa pili akainuka, akapaka mchanga viganjani, akaikamata kamba. Stelingi akaanza kupanda. Alipofika juu akaitia spana kwenye valvu, akazungusha, maji yakakatika, na ukumbi mzima ukasimama.

Hawakunigeukia mimi. Waligeukia mstari wa nyuma, wakawapigia makofi wale wanne, ambao walijificha nyuma ya mikono yao mikubwa kama wasichana. Na mimi nikapiga makofi, naapa, huku nalia. Hakuna aliyetoka mpaka jina la mwisho lilipopita.

Mama Ukumbi hagawi karatasi za maoni. Husimama mlangoni akamwuliza kila anayetoka swali moja: ungerudi?

"Kesho ukitaka," alisema mwalimu mmoja mstaafu. "Filamu za kuruka huwa zinanipa usingizi. Leo mabega yananiuma."

"Narudi na saluni nzima," alisema msusi mmoja. "Yule aliyeteleza, ameoa?"

"Bado," akajibu shemeji mwenyewe, haraka kuliko alivyoteleza.

Walipoisha nikamfuata Mama Ukumbi na ile flashi kiganjani. "Samahani, mama. Kulikuwa na makosa yangu. Iliyo safi ni hii. Jumatatu tuweke hii."

"Una mwezi mzima," alisema. "Na itakayooneshwa ni ya leo. Hiyo yako irudishe mfukoni."

Nikamtazama Kifutio, nikidhani ataangua kilio kwa miezi yake mitano. Alikuwa anafuta miwani, anatabasamu. "Nilikuwa naitazama peke yangu, bosi. Leo nimepata wenzangu."

Mke wangu alikuwa amezungukwa na wanawake wanaotaka kushika ovaroli yake. Hapo ndipo mchambuzi alipojipenyeza, daftari kwapani.

"Mama, niruhusu," alimwambia Mama Ukumbi. "Kazi hii naifanya miaka ishirini. Huwezi kuonesha kitu hiki mwezi mzima ukakiita filamu ya shujaa. Shujaa anapaa mwenyewe. Huyu kavutwa na ndugu zake."

"Mbona na wewe ulikuwa unavuta?" msusi akamwuliza. "Nilikuwa nyuma yako."

"Nilikuwa nanyoosha mikono."

"Kwa dakika nne?"

"Nasema hivi," mchambuzi akapandisha sauti, maana watu walishaanza kusogea kusikiliza, "nendeni mkatazame mashujaa wenyewe, wale wa kule. Kamba hamtaiona."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni, anavaa viatu alivyovivua ili apige sakafu vizuri. Hakuinua hata kichwa.

"Kamba wanayo, baba," alisema. "Ila kule wamewafuta wana wa mama mwingine."